Skrubu ya Kumi na Sita

Skrubu 15 zilikuwa zimelala ndani ya kifuniko cha ndoo ya mtindi, zimechoka, vichwa vimekwaruzwa. Ya 16 ilikuwa bado mahali pake kwenye skii ya kushoto, na kichwa chake kiling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mwandishi wenu alikuwa amepiga magoti mbele yake kwa muda unaokaribia saa mbili. Mkewe alifungua mlango wa gereji, akamtazama, akaitazama ile skii iliyolazwa juu ya viti viwili, akauliza, "Baba, hapo unasali au unafanya kazi?"

"Imebaki moja tu."

"Hata saa nne ulisema imebaki moja tu."

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, West Valley City, kusini-magharibi mwa Salt Lake City katika jimbo la Utah. Milima ya Wasatch ilikwisha kuvaa kanzu yake nyeupe, na safari ya kwanza ya kilabu cha skii ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Yote yalianza kwa jicho la mitumba. Mtu anaweza kutoka Dar es Salaam akahamia Utah, akaacha nyuma bahari, madafu na foleni za Ubungo, lakini jicho lililosomea soko la Karume halistaafu. Binti yake wa miaka 14 alikuwa amejiunga na kilabu cha skii shuleni. Katika mji ulioandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 2002, jambo hilo ni la kawaida kama mtoto wa Kariakoo kucheza chandimu. Tofauti ni kwamba mpira wa chandimu unatengenezwa kwa soksi na mifuko ya plastiki, na skii mpya pamoja na vikorokoro vyake hugharimu pesa ambazo baba mwenye akili timamu huzipeleka kwenye kodi ya nyumba. Ndipo katika duka la vitu vilivyokwisha kutumika akaiona jozi ya skii kwa dola 35. Akapapasa kingo zake, akaziinua usawa wa jicho kuona kama zimepinda, akazigonga kwa ukucha kama mtu anayechagua nazi. Zilikuwa nzima. Akalipa haraka, kabla muuzaji hajabadili mawazo.

Shida haikuwa kwenye skii. Ilikuwa kwenye vishikizo.

Kwa msomaji ambaye theluji yake yote ni ile ya kwenye friji, kishikizo ni kile kifaa kinachoishika buti juu ya skii. Kina vipande viwili, cha mbele kinachobana ncha ya buti na cha nyuma kinachobana kisigino. Kazi yake ina ukaidi ndani yake. Kinatakiwa kiung'ang'anie mguu wakati mtu anateremka mlima kwa kasi, halafu kiuachie papo hapo anapoanguka vibaya, kabla mfupa haujaamua kuachia wenyewe. Ndani kuna springi, na juu kuna kidirisha chenye namba. Namba hiyo mafundi huiita DIN, kwa jina la taasisi ya viwango ya Ujerumani, nayo hupangwa kwa kuangalia uzito wa mtu, kimo chake, umri wake, urefu wa soli ya buti yake kwa milimita, na namna anavyoteleza: kwa woga au kwa fujo.

Siku mbili baada ya kununua, baba na binti walizipeleka skii kwenye duka la mafundi. Kijana mwenye ndevu nyekundu aligeuza kishikizo, akasoma maandishi yaliyofutika nusu, akatikisa kichwa. Watengenezaji wa vishikizo hutoa kila mwaka orodha ya aina ambazo bado wanazisimamia. Kishikizo kikizeeka kikatoka kwenye orodha hiyo, duka linalojiheshimu halikigusi, hata ukikaza na kulegeza mbele yao kuonyesha kwamba springi bado inadunda. Hivi vilikwisha kutoka zamani. Kijana akashauri vitolewe, baba aje na skii tupu, naye atafunga vishikizo vingine vya bei nafuu vilivyomo kwenye orodha. Kuvitoa vya zamani nako kulikuwa na gharama yake.

"Kufungua skrubu?" mwandishi wenu alicheka kwa kifua. "Hilo nitafanya mwenyewe."

"Una bisibisi ya Pozidrivu namba tatu?" kijana aliuliza.

Naye, ambaye katika swali lote alisikia maneno "bisibisi" na "namba tatu", akajibu kwamba nyumbani ana bisibisi za kila namba.

Mbele ya majirani, Mswahili juu ya theluji hajioni mgeni kabisa, kwa sababu anao watu wa kuwataja. Philip Boit wa Kenya alishindana Nagano mwaka 1998 katika mbio za skii za kilomita 10, akamaliza wa 92, wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyekuwa ameshinda zamani, akamsubiri mwishoni ili amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Miaka 20 baadaye Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliteremka milima ya Pyeongchang akiwa na bendera ileile. Mwandishi wenu huisimulia hadithi hii kila anapopata nafasi. Alimsimulia hata kijana wa ndevu nyekundu, aliyekuwa na wateja wanne nyuma yao.

Skrubu za mwanzo zilitoka kwa urahisi wa kutia kiburi. Kishikizo kimoja kilikuwa na nane, nne mbele na nne nyuma. Zile za nyuma zilijificha. Ilibidi kisigino kisogezwe kwenye reli yake kwanza ndipo vichwa vyao vionekane, kama kuku waliolalia mayai. Bisibisi ilikuwa ile ya nyota ambayo kila nyumba inayo, yenye mpini mwekundu na historia ya kufungulia makopo ya rangi. Ni kweli kwamba iliruka mara kwa mara. Ni kweli pia kwamba kila iliporuka iliacha vumbi jembamba la fedha pembeni ya kichwa cha skrubu. Mtu mwingine angesimama hapo akajiuliza. Mwandishi wenu alizidisha nguvu, na nguvu zikaleta matokeo: moja, mbili, saba, 11, 15.

Ya 16 ilikuwa kwenye kipande cha mbele, kona ya ndani. Aliingiza bisibisi, akaegemeza kifua, akazungusha. Ikatoka sauti fupi, *krrap*, kama jino linalovunja mfupa mdogo wa kuku, na mkono ukaenda wenyewe bila skrubu. Akarudia. *Krrap*. Mara ya tatu haikutoa sauti tena. Bisibisi ilizunguka ndani ya kichwa kwa ulaini, kama kijiko ndani ya uji.

Hapa lazima lugha iingilie kati, maana msiba wa aina hii una majina mengi. Kitu chenyewe Waswahili wa pwani walikipokea kutoka kwa Wareno wakakiita parafujo, na neno hilo bado limo kwenye kamusi ingawa ukiliomba dukani leo muuzaji ataita baba yake. Wengi tunasema skrubu. Mfereji unaozunguka mwili wake ni hesi. Na mafundi wa mtaani wana neno la hali iliyomkuta mwandishi wenu, neno lisilo na huruma: skrubu *imeliwa*. Hawasemi nani ameila.

Kilichofuata ni saa mbili za sayansi ya jadi. Kwanza kilikuja kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Kwa aliyekulia Afrika Mashariki, mpira huo ni dawa ya kila ugonjwa: unafunga mizigo, unaziba bomba, unatengeneza manati. Nadharia yake hapa si ya kubahatisha, kwani unaweka mpira kati ya bisibisi na kichwa kilicholiwa ili ujaze mapengo na kushika. Kwenye skrubu iliyokwama kidogo husaidia kweli. Kwenye hii, mpira ulisagika ukawa vipande vyeusi, na gereji ikanuka kama karakana ya baiskeli Buguruni. Mwandishi wenu alikiri baadaye kwamba harufu ile ilimpa faraja kwa dakika nzima.

Kisha ikaja keke ya umeme, ikawekwa irudi kinyume, ikafungwa biti ya nyota. Ilizunguka kwa sekunde tatu. Baada ya sekunde hizo kichwa cha skrubu, ambacho mpaka hapo kilikuwa bado na kumbukumbu ya msalaba, kikawa bakuli.

Ndipo akachukua kopo la WD-40. Historia ya dawa hii inajulikana: ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 ili kufukuza maji yasiletee vyuma kutu, na hiyo 40 kwenye jina ni hesabu ya jaribio lililofaulu. Majaribio 39 ya kwanza hayakupewa kopo. Akapuliza. Akasubiri. Akapuliza tena, kwa kuwa kusubiri kulimchosha. Mafuta yakateremka taratibu kando ya skrubu, yakaingia ndani ya skii, mahali ambapo, kama alivyokuja kuambiwa, hayakutakiwa kufika hata tone. Moyo wa skii ni mbao. Tundu lililokunywa mafuta halishiki gundi vizuri, na gundi ndiyo inayozuia maji ya theluji yasipenye kuozesha mbao hiyo. Alichokuwa akikifanya ni kama kumwagia nyasi maji moto.

Ni wakati huo mkewe alipouliza kuhusu sala. Na ni mkewe aliyekwenda, bila kuagizwa, kumwita jirani.

Jirani ni mzee wa Bukavu, Kongo, aliyekaa miaka mingi akitengeneza pikipiki kabla vita havijamsukuma kambini na kambi haijamleta Utah. Aliingia gerejini akiwa na koti juu ya pajama. Binti akamwamkia, "Shikamoo, babu," naye, ambaye kwao salamu hiyo haipo lakini miaka ya kuishi na Watanzania imemfunza, akajibu "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayesaini barua. Kisha akainama juu ya skii. Hakugusa kitu. Alitazama tu, mikono nyuma.

"Mutanzania," alisema hatimaye, "ile visi uliifanya nini?"

Wakongo wanaiita *visi*, kutoka Kifaransa, na bisibisi wanaiita *turnevisi*. Mwandishi wenu akaeleza. Akaeleza vizuri, kwa utaratibu, akianza na kutu, akaja kwenye umri wa skii, akamalizia na hali ya hewa. Mzee akanyoosha mkono. "Nionyeshe turnevisi."

Akapewa ile ya mpini mwekundu.

"Hii iko ya nini?"

"Ya nyota, mzee."

"Nyota gani? Kuko nyota na nyota."

Akaokota skrubu moja kutoka kwenye kifuniko cha mtindi, ambayo kichwa chake kilikuwa kimesalimika kidogo, akaisogeza kwenye taa. Kulikuwa na msalaba, kama kwenye skrubu nyingine zote duniani. Lakini katikati ya mikono ya msalaba, kila pembe, palikuwa na mstari mwembamba uliochorwa kwa kimshazari. Mistari minne, myembamba kama nyufa za kucha. Mwandishi wenu alikuwa ameviinamia vichwa 16 vya namna hiyo tangu asubuhi, na hakuuona mstari hata mmoja.

Hiyo mistari ndiyo kitambulisho cha Pozidrivu. Msalaba tuliouzoea, ule wa Phillips, ulibuniwa na John P. Thompson na kuendelezwa na mfanyabiashara Henry F. Phillips wa Portland, jimbo la Oregon, aliyepata hataza zake mwaka 1936. General Motors wakaanza kuutumia kwenye magari ya Cadillac. Ulikuwa ukombozi. Skrubu za zamani zilikuwa na mfereji mmoja tu, na bisibisi bapa iliteleza pembeni ikachora gari jipya. Msalaba hujiweka wenyewe katikati. Lakini kuta zake zimeinama kama kuta za faneli, kwa hiyo ukizungusha kwa nguvu nyingi, bisibisi hupanda juu na kutoka. Wapo wanaoapa kwamba hilo lilikusudiwa, ili mashine isikaze kupita kiasi. Wapo wanaosema ni kasoro iliyopewa sifa baadaye. Kwa aliyepiga magoti gerejini mjadala huo hauna tija. Katika miaka ya 1960 kampuni ileile ya Phillips na mwenzake wakatoa msalaba mwingine, wenye kuta zilizosimama wima zaidi na mbavu nne ndogo za ziada, ili bisibisi ishike isipande. Huo ndio Pozidrivu. Watengenezaji wa vishikizo vya skii, ambao wengi wao wako Ulaya, waliupenda, na namba tatu ndiyo saizi yao.

Ubaya wake ni kwamba bisibisi ya Phillips inaingia humo bila kupingwa. Inaingia kama mgeni aliyekosea msiba: anakaa, analia, anakula wali, na mpaka anaondoka hajajua kwamba marehemu si wake. Inagusa kuta sehemu chache tu, na hizo chache ndizo inazokwenda nazo. Nyumbani kwa mwandishi wenu mgeni huyo tena alikuwa mdogo, namba mbili kwenye kiti cha namba tatu.

"Kwetu nilionaka hii na moteri za Wajapani," mzee akasema. "Unaona musalaba, unaingiza ya Mufaransa, unaharibu. Wajapani nao wako na musalaba yao." Naye alisema kweli. Kiwango cha Japani kina msalaba wake, unaofanana na wa Phillips kwa macho tu, na pikipiki ngapi za zamani zimeachwa na skrubu zilizoliwa kwenye mifuniko ya injini kwa sababu ya kufanana huko.

Portland ina deni jingine katika kisa hiki, na mwandishi wenu alipoligundua usiku ule alicheka peke yake. Katika miaka hiyohiyo ya 1930, katika mji huohuo, aliishi mteleza-skii mzaliwa wa Norway aliyeitwa Hjalmar Hvam. Mwaka 1937 alivunjika mguu, kwa kuwa vishikizo vya wakati ule vilifunga mguu kama pingu. Inasimuliwa kwamba alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi hospitalini aliomba kalamu na karatasi, akachora kishikizo kinachojiachia. Kufikia 1939 alikuwa akikiuza kwa jina la Saf-Ski, cha kwanza cha aina yake kuingia sokoni. Kwa hiyo mji mmoja, ndani ya miaka michache, uliupa ulimwengu kishikizo kinachojua kuachia na skrubu inayoachia bila kuombwa. Kwenye skii ya kushoto ya binti, kishikizo kilikuwa kimeng'ang'ania na bisibisi ndiyo iliyokuwa ikiachia. Kila kitu kilikuwa kimeshika zamu ya mwenzake.

Mzee akavua koti. Hakuulizia kama anaruhusiwa. Akasema kwamba kichwa kimekufa na maiti haibembelezwi, kitakatwa. Akaomba msumari mnene na nyundo, akagonga mara moja katikati ya lile bakuli, *ti!*, ili keke ipate mahali pa kusimama. Skrubu za skii zina unene wa milimita 5.5 kwenye hesi na huingia ndani ya skii kiasi cha milimita tisa tu, lakini Marekani biti zinauzwa kwa inchi. Akaanza na ya moja ya nane, akamaliza na ya robo. Robo inchi inazidi kidogo unene wa skrubu, na hapo ndipo ujanja ulipo: biti inakula shingo yote, kichwa kinabaki hakina mwili. Akazungushia biti utepe mweupe kuonyesha mwisho wa safari. Ukipita mwisho huo unatoboa skii, na ukiendelea bila adabu unatokezea upande wa pili, kwenye ngozi ya chini inayoteleza.

Keke ikaenda polepole. Mwandishi wenu alitarajia kelele. Alichosikia ni mluzi wa chini, na kutoka kwenye kishimo zikapanda nywele mbili za chuma zilizojisokota, ndefu, zinazometameta, zikakua kama mche wa kunde na kuangukia goti la pajama. Mzee akasimamisha keke, akapuliza vumbi, akaendelea. Kisha kichwa cha skrubu kikakatika na kuanza kuzunguka pamoja na biti, kimevaliwa kama pete. Akazima. Akakivua kwa vidole viwili, akampa binti, ambaye alikidondosha mara moja kwa sababu kilikuwa cha moto.

Kishikizo kikainuka kwa mkono mmoja. Baada ya saa zote hizo kilinyanyuka kama kifuniko cha birika, na chini yake kikabaki kisiki cha chuma cha urefu wa nusu sentimita hivi, kimesimama peke yake katikati ya tambarare.

Kwa kawaida, mzee akaeleza, kisiki kama hiki hutoka kwa plaizi bila taabu, kwa maana kilichokuwa kikikibana ni kichwa. Akakibana kwa plaizi ya kufunga, ile inayoshika meno ikabaki imeshika hata ukiiachia. Akazungusha. Hakikutoka. Akasita, akanusa tundu. Alinusa kweli, pua karibu na skii, na uso wake ukabadilika.

"Hapa mutu alitia kole," akasema. Kole ni gundi.

Gundi kwenye tundu la skii si ajabu. Mafundi huweka tone la gundi. Lakini iko gundi ya kuzuia maji, na iko epoksi, ambayo ikikauka inaishika skrubu kwa kiapo. Adui wake ni joto. Binti alikuwa nacho kile chuma cha umeme cha kuchomelea risasi kwenye vifaa vya redio, cha mradi wa roboti shuleni. Akakileta mbio. Mzee akakiegemeza kwenye kisiki, akahesabu kwa Kifaransa mpaka thelathini, taratibu, kwa sauti ya mwalimu wa msingi. Joto likishuka kwenye skrubu linailainisha epoksi inayoizunguka. Likizidi, linaanza kuunguza skii yenyewe, na ngozi ya chini ni plastiki. *Trente*. Akaondoa chuma, akafunga plaizi, akavuta mkono upande wa kushoto.

*Ta.*

Ilikuwa sauti ndogo kabisa. Kisha robo mzunguko, nusu, mzunguko mzima. Mwandishi wenu alijikuta anapumua kwa mdomo.

Skrubu ilipotoka haikutoka peke yake. Hesi zake zilikuwa zimejaa nywele za kijivu, zimegandishwa ndani ya epoksi iliyokuwa ya manjano kama kaharabu, nywele nyembamba zilizojisokota kila upande. Walizitazama wote watatu. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyezitambua.

"Hiyo si stiliwaya? Ya kusugulia sufuria?"

Ilikuwa hiyo. Ni tiba ambayo mafundi wa skii wanaijua: tundu likiliwa hesi, skrubu ikawa inazunguka bure, unasokomeza vipande vya stiliwaya, unamimina epoksi, unarudisha skrubu, na inashika kuliko siku ya kwanza. Mtu fulani, miaka mingi nyuma, alikaa gerejini kwake mbele ya skii hii hii na skrubu isiyokaza, akaifanya isitoke milele. Kazi yake ilikuwa nzuri. Mzee aliigeuzageuza ile skrubu kwenye mwanga kwa heshima ya fundi anayesoma saini ya fundi mwenzake. "Huyu mutu alijua kazi," akasema, halafu akamtazama mwandishi wenu kwa muda mrefu bila kuongeza neno.

Alikataa malipo. Alikubali chai, chapati nne, na nyingine nne zilizofungwa kwenye karatasi.

Jumatatu kijana wa ndevu nyekundu alizipokea skii tupu. Alipitisha kidole kwenye matundu yote, ambayo angeyaziba kwa vijiti vya plastiki na gundi kabla ya kutoboa mapya kwa kifaa chake cha vipimo. Kwenye tundu moja alisimama. Akanusa. Inaelekea watu wa kazi hii wote hunusa.

"Nani kapuliza mafuta humu?"

"Mwenye skii wa zamani," mwandishi wenu alijibu bila kupepesa. Na huo haukuwa uongo. Alikuwa amemkabidhi binti yake skii hizo rasmi asubuhi ile, mbele ya shahidi, wakati wa kunywa uji.

Kijana akasema atalisafisha kwa spiriti na kuona itakavyokuwa. Vishikizo vipya vina mpangilio mwingine wa matundu, kwa hiyo hili halitabeba mzigo. Kabla ya kuondoka, mwandishi wenu alinunua bisibisi, Pozidrivu namba tatu, yenye mpini mnene. Kijana alimpa kwa mikono miwili.

Usiku, nyumba ilipotulia, aliikumbuka ile mistari minne ya mshazari, na kumbukumbu moja ikaivuta nyingine. Miaka sita nyuma aliunganisha kitanda cha binti, cha mbao za boksi, kilichotoka Ulaya na karatasi ya michoro isiyo na maneno. Alikiunganisha kwa ile bisibisi ya mpini mwekundu. Tangu siku hiyo kitanda kinalia, na tangu siku hiyo ameilaumu sakafu.

Akachukua tochi. Binti alikuwa amelala, uso kwenye ukuta. Mwandishi wenu alilala chali juu ya zulia, akajisukuma chini ya kitanda mpaka pua ikakaribia chaga, akawasha. Skrubu ya kwanza ilikuwa na msalaba, na katikati ya mikono ya msalaba, mistari minne. Ya pili vilevile, imekwaruzwa. Ya tatu hakuiona. Mahali pake palikuwa na stika ya kipepeo, ya rangi ya waridi, ambayo sasa alikumbuka vizuri ni nani aliyeibandika. Akaiinua pembe moja kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na bakuli dogo, safi, linalong'aa.

"Baba?" sauti ilitoka juu ya godoro. "Unafanya nini huko chini?"

Akairudisha stika, akaikandamiza kwa kidole gumba.

"Natafuta paka," alisema.

"Hatuna paka."

"Ndiyo maana simwoni. Lala."